Mishono Miwili Ndani ya Kola

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika mbio mbio maana binti yangu amelala, na akilala yeye ndipo na mimi napata mikono. Hatujambo sote. Jino la kwanza limetoka, na alilijaribu kwenye kidole cha baba yake mpaka fundi bomba wa watu akaruka kama kaguswa na umeme. Mama mkwe anasema mtoto kanirithi ubishi. Nikamwambia, sasa mama, angerithi nini kingine, shamba? Tukacheka. Siku hizi anacheka. Mkazamjomba kifua kinaendeleaje? Mwambie lile gauni alilomshonea mtoto limeshambana, aandae sindano.

Kazini bado niko kwenye ufuaji wa hoteli. Asubuhi kazi yangu ni kupekua mifuko kabla nguo hazijaingia mashineni, maana kalamu moja tu ikipita, mashuka arobaini yanatoka na wino. Tunachokikuta tunakitia kwenye bahasha na kuandika namba ya chumba. Juzi kwenye koti la mgeni nimekuta kijitabu cha mnada. Kwenye bahasha nilikitia, Mjomba, lakini nilikisoma kwanza.

Kumbe kuna watu wananunua vitu vya michezo vya zamani! Tiketi zilizochanwa mlangoni. Filimbi ya refa. Kiatu kimoja, kimoja tu, cha mguu wa kulia. Nilidhani ni utani, mpaka nilipofika ukurasa wa kumi na mbili. Jezi ya kijani ya kipa, namba moja mgongoni, na chini wameandika: "Jezi ya Ukuta, aliyoivaa akiokoa penalti ya fainali." Ukuta, kipa wa klabu yenu. Fainali yenu.

Ukurasa ule niliusoma mara tatu, na unajua kwa nini. Baba aliniambia mara moja tu, nikiwa na miaka kumi, tunakamua mashuka uani: kipindi cha pili cha fainali ile aliyekuwa langoni ni yeye, si Ukuta. Akasema, "Usimwambie mtu," na sikumwambia mtu. Lakini siku tunamzika, watu wazima walisimama wakamsifu eti "Akiba wetu, alikaa benchi miaka sita bila kunung'unika." Hiyo nayo ni sifa? Nilikuwa na tumbo la miezi mitano, nikatafuna leso nisije nikasema kitu.

Mjomba, wewe ndiye uliyekuwa mtunza vifaa. Jezi zote zilipita mikononi mwako. Niambie tu: ile ya baba ilikwenda wapi?

Mpwa wako,
Povu

27 Februari

Povu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini nimeisoma. Mkazamjomba wako kifua kimetulia, sasa ni mgongo. Mimi ni goti. Tukiamka asubuhi tunaulizana nani leo ndiye mzima, huyo ndiye anachemsha chai. Mvua zimeanza mapema na paa linatudondokea juu ya kitanda, tumeweka sufuria mbili na ndoo, usiku kucha ni ngoma. Kuku watatu wameliwa na kicheche. Yule jirani mwenye redio amehama, tunamshukuru Mungu.

Jino la mtoto likiuma mpake ufizi kitambaa safi chenye maji baridi. Usimpe kila kitu atafune.

Hayo ya minada waachie wenye nafasi. Nguo ya zamani ni tambara, Povu. Mwenye kutaka kulinunua, alinunue. Baba yako alikuwa mtu mtulivu, na wewe mwache atulie. Fanya kazi yako, mlee mtoto, msalimie fundi.

Mjomba wako

14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na goti, pole na kuku. Mtoto sasa anakaa bila kushikwa, akianguka anajicheka mwenyewe. Kitambaa cha maji baridi kimemsaidia, asante sana.

Umeniandikia goti, mgongo, sufuria, kicheche na redio. Nilichouliza hukukijibu. Basi nikaona niende mwenyewe.

Siku mbili kabla ya mnada kuna siku ya kuangalia mali, lakini wakiombwa wanafungua hata mapema. Niliomba ruhusa ya nusu siku, nikamfunga mtoto mgongoni. Mlinzi aliponiona akasema, "Mama, zahanati ni jengo linalofuata."

"Zahanati sina shida nayo. Nimekuja kuangalia jezi."

"Ya mtoto?"

"Ya babu yake."

Akanifungulia, nadhani ili apate cha kusimulia. Ndani ni chumba kirefu, meza zimetandikwa kitambaa cheusi, na kila kitu kina kadi yake na namba. Tiketi zimebandikwa kwenye albamu kama picha za harusi. Kuna vijitabu vya mechi vilivyokunjwa mara nne kuingia mfukoni, na mtu ameandika matokeo kwa penseli. Nilivipenda, Mjomba, sikutegemea. Nikamwona kwa mawazo aliyevikunja, amekaa juani, analamba penseli. Halafu kulikuwa na bwana mmoja wa miwani mizito, mkusanyaji mkubwa walivyosema, ameinama ananusa kile kiatu kimoja. Mtu mzima, ananusa kiatu! Nikamgeuza mtoto asione.

Jezi imetundikwa peke yake. Nilipoinua mkono, karani akapiga kelele, "Usiguse, mama!"

Nikamwambia, "Kaka, mimi nagusa nguo za wageni mia mbili kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Akanipa glovu nyeupe. Nikaigeuza kola.

Mjomba, ni wewe uliyenifundisha alama za dobi kabla sijajua herufi. Ukaniambia klabu ilikuwa na makipa wawili na jezi zote mbili zina namba moja, kwa hiyo ulitia uzi wa njano ndani ya kola: mshono mmoja wa Ukuta, miwili ya Akiba. Nikakuuliza kwa nini baba awe na miwili. Ukasema, "Kwa sababu alikuja wa pili, usiniulize kama karani wa mahakama."

Ndani ya kola hii kuna mishono miwili. Na fundo lake limelala kushoto, kama yanavyolala mafundo yako, wewe wa mkono wa kushoto. Jezi hiyo si ya Ukuta. Ni ya baba.

Pembeni kuna cheti, kimetiwa sahihi na shahidi. Karani alikifunika kwa kiganja, akasema jina la muuzaji ni siri, ila shahidi ni "mtunza vifaa wa zamani wa klabu."

Klabu ilikuwa na mtunza vifaa mmoja tu. Labda mtu ameiba sahihi yako. Andika uniambie imeibwa, mimi nitaamini.

Povu

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Mtoto anatambaa, lakini kinyumenyume, akikitaka kitu ndiyo anakiacha mbali zaidi.

Wiki karibu tatu zimepita. Posta nimekwenda mara nne, yule dada wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Mnada ni tarehe ishirini. Mume wangu anasema, "Mke wangu, utasimama mbele ya watu wenye hela uwaambie nini?" Nimemwambia sijui, nitakachokikuta mdomoni. Mama mkwe naye, yule yule aliyesema nina ubishi, amesema atanishikia mtoto. Nimemwambia hapana, mtoto nakwenda naye.

Nipe mstari mmoja, Mjomba. Mmoja tu.

Povu

11 Aprili

Povu,

Salamu nimezipokea. Wote tu wazima.

Usinifundishe kazi yangu. Nilikunja jezi za watu miaka kumi na tisa, na mambo ya chumba cha kubadilishia nguo yanabaki chumba cha kubadilishia nguo. Lakini umenibana kwenye kona, basi sikiliza, kisha uchome barua hii.

Mapumziko ya fainali ile, Ukuta alibanwa kidole na mlango wa chuma. Kikageuka upande. Kipa mwingine ni baba yako, na kadi yake ya usajili ya mwaka ule ilikuwa haijafika. Kwa sheria hakuruhusiwa hata kuvaa soksi. Kepteni akamvua Ukuta kofia, akamvalisha baba yako, akavuta ukingo wake mpaka kwenye nyusi. Urefu walilingana. Tukaweka mikono juu ya mpira, watu kumi na wawili na mimi wa kumi na tatu, tukaapa: tukigundulika kikombe kinachukuliwa, kwa hiyo hakuna atakayesema mpaka kaburini. Baba yako akatoka, akaokoa penalti dakika ya themanini na nane. Uwanja mzima ukaimba jina la mtu mwingine.

Ile picha ya timu unaweza kuiangalia. Ukuta ameficha mkono nyuma. Baba yako hayumo. Alikuwa ndani, ananisaidia kukusanya soksi. Nilimwambia, "Shemeji, nenda ukapigwe picha." Akasema, "Mbona huku nako kuna kazi."

Jezi aliniachia mimi. Mwaka jana akaja wakala wa mnada, akaniuliza, "Hii ndiyo iliyookoa penalti?" Nikasema ndiyo. Hapo sikudanganya. Yeye akaandika jina la Ukuta, na mimi nikatia sahihi. Hakuna aliyeiba chochote. Paa linavuja, na jezi ya Ukuta ina bei, ya Akiba haina. Baba yako mwenyewe alinyamaza mpaka alipokufa. Wewe ni nani wa kusema?

Usiende. Nakuagiza kama mjomba wako.

22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako sikuichoma. Nilikwenda.

Umeuliza mimi ni nani. Nimelifikiria swali hilo nikipanga mashuka siku tatu. Mlikula kiapo watu kumi na watatu. Mimi sikuwepo, mkono wangu haukuugusa mpira. Na baba hakunyamaza mpaka alipokufa, aliniambia mimi. Mtu anayetaka jambo lizikwe hamwambii mtoto wa miaka kumi.

Walinipa kibao cha kunyanyulia bei, namba thelathini na moja. Viti vimejaa, mtoto ananivuta sikio. Na nani amekaa mstari wa mbele, na suti, kama bwana harusi? Ukuta mwenyewe! Wamemleta ili bei ipande. Dalali, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, akainua nyundo: "Na sasa, mabibi na mabwana, jezi ya Ukuta, na bahati iliyoje, mwenyewe yuko nasi!" Makofi.

Nikasimama. Mtoto nikamhamishia ubavuni.

"Hiyo jezi si ya Ukuta."

Dalali akatabasamu. "Mama, hapa tunanyanyua vibao, hatunyanyui madai."

"Kibao ninacho. Lakini mmeandika jina la mtu ambaye hakuivaa. Aliivaa baba yangu, Akiba."

"Akiba?" Yule mnusa viatu akageuka na miwani yake. "Yule wa benchi?"

Wa nyuma akadakia, "Akiba haiozi, lakini hii imechacha!" Ukumbi ukaangua kicheko. Na binti yangu naye akacheka, maana akiona watu wanacheka anafikiri ni zamu yake.

Nikawangoja wamalize. Wakimaliza kucheka watu huwa kimya sana, hilo nimelijua siku hiyo. Nikawaambia wageuze kola. Nikawaeleza mshono mmoja na mishono miwili. Karani akaigeuza, akaangalia, akamwangalia dalali. Kisha nikamgeukia Ukuta. Sikumtukana, Mjomba. Nilimwamkia.

"Shikamoo mzee. Kipindi cha pili ulikuwa wapi?"

Kile kidole kilichopinda alikuwa anakisugua kwa gumba, kinasugulika chenyewe, hata hajui. Akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu. Mwulizeni mtunza vifaa. Akisema yeye, mimi sitabisha."

Mnusa viatu akaweka kibao chake chini. Dalali ameiondoa jezi mnadani mpaka shahidi aandike upya, na mwisho wao ni mwezi wa tano.

Kwa hiyo ni wewe, Mjomba. Najua kepteni yupo hapo kijiweni kwenu na atakununia. Najua kuhusu kikombe. Najua na paa, na mkazamjomba alivyolala chini ya ndoo. Nisamehe kwa kukutia kwenye midomo ya watu. Ila sijutii, na mkiniita mpwa asiye na adabu nitaitika. Mtoto wangu atakwenda shule, siku moja ataulizwa babu yako alikuwa nani, na sitaki ajibu "alikaa benchi."

Hujawahi kufua nguo ukairudisha na doa. Hili doa unaliona.

Povu

19 Mei

Povu,

Marahaba. Tu wazima. Mkazamjomba amemaliza gauni, limo kwenye kifurushi hiki, ameliachia pindo la kulirefusha.

Alinisomea barua yako yeye, kwa sauti, mara mbili, mimi macho nimeyafumba. Alipomaliza akasema, "Miaka thelathini na moja nalala na mtu, sijui ana jambo kama hilo kifuani." Hakuniongelesha siku nne. Nakuambia, heri ndoo.

Kepteni alikuja. Anatembea na fimbo siku hizi, akaipiga kwenye mlango. "Nasikia unataka kutuuza."

"Nimeshauza. Sasa narekebisha risiti."

"Ukiandika, usije kunizika."

Nikamwambia, "Kwa umri wetu huu, hicho si kitisho, ni ratiba." Akaondoka hajanywa hata chai. Kijiweni sasa nikikaa, benchi linabaki na nafasi pande zote mbili. Nalala kidogo mchana pale, hakuna anayenisumbua.

Karatasi ya mnada imo ndani. Nimeandika kwa mkono wangu, nimeandika mlango wa chuma, kofia, kadi, mishono, na dakika. Nimeandika pia kwamba cheti cha kwanza nilikitia sahihi nikijua. Usikifiche kipande hicho ukidhani unanisitiri.

Nimewaandikia wakupe wewe jezi. Ni yako. Sina cha kuongeza.

Mjomba wako

16 Juni

Mjomba wangu, na wewe mkazamjomba unayemsomea,

Shikamooni. Gauni limemkaa kama alipimwa. Meno sasa ni manne.

Jezi sikuichukua. Usikasirike, ngoja nieleze. Karani aliniletea imekunjwa vizuri ndani ya karatasi laini, akasema, "Haya mama, nenda nayo nyumbani." Niliinusa. Ndiyo, hata mimi, nilimcheka mnusa viatu bure. Ilinukia sanduku lako. Nilitaka kuiweka chini ya mto wangu nilie wiki nzima. Lakini nikaona, nikiipeleka nyumbani, baba anarudi ndani tena kukusanya soksi. Nikamwambia karani, "Hapana. Irudisheni mnadani. Itangazwe pale pale walipocheka."

Basi jana ikatangazwa. Dalali alitaka kufupisha, nikamwambia asome karatasi yako yote, na ile sehemu ya cheti cha kwanza pia, kama ulivyotaka. Akasoma. Kisha akasema kwa ile sauti yake: "Jezi ya Akiba. Aliivaa kipindi cha pili cha fainali na kuokoa penalti dakika ya themanini na nane." Nilifumba macho. Jina la baba lilikwenda mpaka ukutani likarudi.

Hakuna aliyenyanyua kibao. Nilihesabu pumzi za mtoto, tano, sita. Mnusa viatu akasema bila hata kugeuka, "Nani ataweka benchi ukutani?" Nikamjibu, "Atakayeweka atajua alichoweka, wewe ulikuwa unataka kuweka kofia." Hapo watu wakacheka, safari hii si mimi niliyechekwa. Kibao kimoja kikapanda. Kingine. Mwisho ameichukua mwalimu wa michezo, dada mmoja bado ana filimbi shingoni, anafundisha makipa wa shule ya wasichana. Anasema ataiweka kwenye kabati la kioo la korido, kola imegeuzwa nje ili mishono ionekane. Bei haikufika nusu ya ile ya Ukuta. Nimeituma yote kwako, umenipa jezi lakini baba alikuachia wewe. Nadhani itatosha upande wa kitanda. Upande wa mlango mwendelee na sufuria, tutauona mwakani.

Ukuta alikuja nje kuniaga. Akamshika mtoto mkono. Nikamwachia.

Sasa la mwisho. Chama cha mpira wameandika klabuni kwamba wataunda kamati kuhusu kile kikombe. Kepteni akikuletea habari hizo na fimbo yake, usihangaike. Wakikuita, nitaomba ruhusa kazini, nitamfunga huyu mgongoni, nitakaa na wewe mstari wa mbele, na tutawajibu. Kikombe waje wakichukue. Ule mpira hawawezi kuuingiza golini.

Mpwa wako,
binti Akiba